Mvumo wa Nyaya Usipuuzwe

Mwaka 2018 njia ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako ilifika Songea, na Mkoa wa Ruvuma ukaunganishwa na Gridi ya Taifa. Apitaye chini ya nyaya kama hizo wakati wa mvua au ukungu huweza kuzisikia zikichachatika mithili ya mafuta kikaangoni. Si ajabu akahofu.

Ukweli ni huu. Hewa kavu ya usawa wa bahari huhimili takriban volti 30,000 kwa kila sentimita. Penye msongo mkubwa, hewa iliyougusa waya huzidiwa, ikaanza kupitisha umeme kidogo kidogo. Matone ya mvua yaliyoning'inia wayani, na wepesi wa hewa ya milimani, huifanya izidiwe mapema zaidi. Wataalamu huiita hali hiyo korona, yaani taji, kwa ule mwanga wa zambarau uuzungukao waya gizani. Wala haina nasaba na maradhi ya mwaka 2020. Hupoteza umeme kiasi na kukwaruza redio, lakini mvumo huo pekee haumdhuru mpita njia.

Hata hivyo, nyaya zote si moja. Umeme uendao Mbinga na vijiji vyake husafirishwa kwa kilovolti 33, na kwa msongo huo korona ya waya mzima ni nadra. Basi mkazi wa Litumbandyosi akisikia mvumo au akiona cheche juu ya nguzo, asiambiwe kwamba ndivyo nyaya zilivyo. Huenda kikombe kimepasuka au kimeshika uchafu, na umeme unatambaa juu yake. Nguzo ya mti huweza kuungua, waya ukaanguka njiani.

Ndugu zetu wa Unguja wana adui mwingine, nayo ni chumvi. Umeme uvukao bahari kutoka Ras Kiromoni huibukia Fumba, kisha hupita hewani kwa kilovolti 132 hadi Mtoni. Upepo wa bahari hupaka vikombe chumvi, na umande ukiilowesha, umeme hupata njia.

Kwa hiyo tunawasihi wananchi wasisogelee nguzo yenye cheche, bali watoe taarifa mara moja. Nao wakuu wa mashirika ya umeme, bara na visiwani, hawana budi kuvikagua na kuvisafisha vikombe kwa wakati, na kumwitikia kila atoaye taarifa. Kuwafundisha wananchi kupambanua mvumo wa kawaida na mvumo wa hatari ni kazi ya leo, si ya baada ya msiba.