Daftari la wiki: Koti la mtumba na fundi wa Lushoto

Shati jipya la dukani lenye kifungo kilichoshikwa na mizunguko miwili tu ya uzi ni shati ambalo halijamalizwa kushonwa. Mnunuzi ana haki ya kulirudisha.

*

Wanaotaka mitumba ipigwe marufuku wamesikika tena, na wanastahili kujibiwa kwa heshima, kwa sababu wanachokipigania ni kitu chema: nguo ambayo pamba yake imelimwa, ikasokotwa, ikafumwa na kushonwa hapa nchini. Tatizo ni kwamba wengi wao wanawaza nguo za joto la Dar es Salaam. Mji wa Lushoto uko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti ukungu wa Magamba hushuka hadi barazani. Huku koti ni hitaji. Viwanda vyetu vinajulikana kwa kanga, vitenge, mashuka na vitambaa vyepesi vya pamba. Koti zito la sufu mkulima wa kabichi wa Mlalo au Mtae hulipata kwenye gulio, likiwa limetoka kwenye belo. Kulizuia lisipande mlima kutoka Mombo kabla mbadala haujapatikana ni kumtaka mkulima huyo avumilie baridi kwa ajili ya kiwanda ambacho bado hakijajengwa.

Tena koti hilo mara nyingi halikai mwilini mpaka lipite kwa fundi. Husemwa kila mara kwamba mtumba na cherehani ni maadui, lakini tazama kazi yenyewe inavyofanyika. Koti la mtu wa mabega mapana likitakiwa limkae kijana mwembamba, fundi anayejua kazi hafupishi mkono kwa chini, penye vifungo. Anaufumua begani, anaukata kwa juu, anapunguza kwapa, anaurudishia, kisha anafungua bitana na kubana mshono wa kati mgongoni. Kosa dogo tu na kola inapinda. Kazi hiyo ni ngumu kuliko kushona gauni la moja kwa moja, ila inalipwa kidogo kwa sababu mteja anailinganisha na bei aliyonunulia koti. Hilo linaniudhi kuliko belo lenyewe. Malipo ya kupunguza nguo yafuate ugumu wa kazi.

Watasema mitumba ndiyo iliyoua viwanda. Imeviumiza, hilo sikatai. Lakini viwanda vyetu vya nguo, kile cha Urafiki kilichofunguliwa 1968 kikiwa miongoni mwa vile vilivyobeba matumaini makubwa, vilikuwa katika miaka ya shida kabla milango haijafunguliwa. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 nchi iliishiwa fedha za kigeni. Vipuri vikakosekana, umeme ukayumba. Masharti ya kuagiza bidhaa yalianza kulegezwa 1984, na mitumba ikazagaa katika nchi ambayo tayari ilikuwa na uhaba wa nguo. Marufuku peke yake haileti kipuri wala umeme. Na si kwamba jambo hili halijajaribiwa. Mwaka 2016 Jumuiya ya Afrika Mashariki iliazimia kuondoa mitumba kwa hatua katika muda wa miaka mitatu. Marekani ikatishia kutunyima nafuu ya soko lake chini ya mpango wa AGOA, na nchi moja baada ya nyingine ikalegea, sisi tukiwamo. Rwanda, iliyopandisha ushuru kutoka senti 20 hadi dola 2.50 kwa kilo, ndiyo iliyosimama, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye nafuu hiyo.

Kuna wanaosema suala ni heshima: kuvaa kilichovaliwa na mwingine ni kujidhalilisha. Naelewa uchungu huo. Ila tusijenge hoja juu ya zamani ambayo haikuwapo. Katikati ya karne ya 19, Kimweri ye Nyumbai alipotawala kutoka Vugha, nguo za pwani zilikuwa tayari sehemu ya utajiri na zawadi za watawala, na merikani iliyofumwa na viwanda vya Marekani ilikuwa ikipelekwa bara kwa misafara. Usambara imevaa vitambaa vya mbali kwa muda mrefu. Kilichobadilika ni kwamba zamani kilikuja kitambaa, na sasa inakuja nguo iliyokwisha kushonwa. Hapo wapinzani wa mitumba wana hoja ya kweli, nami naikubali: kwenye blauzi, sketi, shati na nguo za watoto, fundi hupoteza mshono mzima na kubaki na kazi ya kupunguza tu. Huko ndiko kwa kupambania, na silaha tunayo: sare za shule. Januari hairuki mwaka, rangi zinajulikana, vipimo vinajulikana. Ada ilifutwa 2016, lakini sare imebaki mzigo wa mzazi, kwa hiyo fedha hiyo inatoka mifukoni mwa watu wa hapahapa. Ibaki kwa mafundi wa hapahapa.

*

Kanga kukatwa hadi jina lake likaangukia kwapani! Fundi atandaze kwanza, asome, aweke pindo chini na jina mahali linaposomeka, ndipo ashike mkasi. Kitambaa kikiwa hakitoshi, amwambie mteja.

*

Mafundi wanaitwa waongo kila sikukuu. Wapo waongo kweli, wanaopokea kazi wasizoziweza. Lakini mteja anayeleta kitenge siku mbili kabla ya Idi au Krismasi, akitaka bitana, zipu na darizi, naye ana sehemu yake katika uongo huo.

*

Nimeshaliandika hili na nitaliandika tena: sare ya mtoto iachiwe akiba. Vidole vinne kwenye upindo wa sketi, viwili kwenye mishono ya ubavuni, na mama ataifumua mwakani badala ya kununua nyingine. Sare ya dukani mara nyingi haina akiba hiyo, kwa kuwa kila inchi ya kitambaa imehesabiwa. Wazazi na walimu wakuu, pelekeni vipimo kwa fundi wa mtaani Novemba, kabla foleni haijaanza, na mlipe nusu mapema ili anunue kitambaa kizuri.