Msiisingizie Shaba

Nchini Marekani, ambako watu wengi hujaza upya maganda ya risasi za raifo wenyewe nyumbani, kuna maneno ambayo wajazaji wamerithishana. Baadhi yana hatari, na linaloniudhi kuliko yote ni hili: ganda likikatika karibu na kitako, shaba ilikuwa mbovu.

Mara nyingi shaba haina kosa. Kosa ni la kalibu iliyoshushwa mno. Ganda likipigwa hutanuka likajaa chemba, na kalibu ya mashine ya kujazia hulibana na kulirudisha kwenye umbo lake. Ikishuka kupita kiasi, husukuma bega la ganda nyuma, na ganda likirudi ndani ya chemba linakuwa na mwanya. Baruti inapowaka, kuta za mbele hung'ang'ania chemba huku kitako kikisukumwa nyuma hadi kwenye bolti. Kinachovutika ni ukanda mdogo wa shaba juu tu ya kitako. Rudia hivyo mara kadhaa, ukanda unakonda, kisha unakatika, na gesi ya moto inaweza kumrudia mpigaji usoni.

Wajazaji watajibu kwamba wamefuata maelekezo: shusha kalibu iguse kishikio cha ganda, kisha ongeza robo mzunguko. Kalibu za kawaida zina nyuzi 14 kwa kila inchi, kwa hiyo robo mzunguko ni karibu milimita 0.45. Sehemu yake humezwa na ulegevu wa mashine. Inayobaki huijui mpaka upime. Raifo ya bolti hutosheka bega likirudi milimita 0.03 hadi 0.05. Basi pima ganda lililopigwa katika bunduki yako mwenyewe, ndipo ushushe kalibu kidogo kidogo.

Maneno mengine ya kurithishana: "Ganda likikwama kalibuni, vuta kwa nguvu." Ukivuta, ukingo wa kitako utang'oka na ganda litabaki humo humo. Toboa kitako, kata nyuzi za skrubu, livute kwa skrubu. Chanzo ni uhaba wa mafuta, na hata kalibu ya kabidi, kwa maganda ya raifo, inayahitaji. Ila usiyamwage: yakizidi hujikusanya begani na kuacha vibonyeo.

"Shingo ikipasuka, punguza baruti." Shingo hupasuka kwa sababu shaba inayobanwa na kutanuliwa kila mara hukakamaa. Dawa yake ni kuipasha moto shingo na bega, kamwe si kitako.

"Risasi haiingii vizuri chembani? Shusha kalibu zaidi." Ushauri huu unaturudisha kwenye kosa la kwanza. Pima urefu kabla ya yote: ganda la .30-06 halipaswi kuzidi milimita 63.35. Likizidi, mdomo wake unaweza kubanwa mwishoni mwa chemba, ukashindwa kuiachia risasi, na shinikizo likapanda vibaya. Kama urefu ni sawa, lipake wino wa kalamu nzito, liingize taratibu katika bunduki, ulitoe. Palipokwaruzika ndipo penye tatizo. Mara nyingine ni bega lililofura kwa sababu kalibu ya kupachika risasi ilishushwa mno.

Kabla ya kujaza tena, chukua waya mwembamba, kunja ncha yake, uipitishe ndani ya ganda kuelekea kitakoni. Ukihisi mfereji, huo ndio ukanda unaokonda: liponde kwa koleo ulitupe.