Vipaumbele vya kijiji: Shura haikamiliki bila jibu



Ndugu msomaji, katika mwaka wa 5 Hijria, majeshi ya Makureshi na washirika wao yalipojiandaa kuivamia Madina, Mtume (S.A.W.) aliwataka masahaba wake shauri. Salman al-Farisi (R.A.), mtu wa kuja kutoka Uajemi, asiye na kabila pale mjini, akapendekeza lichimbwe handaki. Rai yake ikakubaliwa, na Mtume mwenyewe akachimba pamoja na watu. Kwa lugha ya leo, huo ulikuwa mradi wa miundombinu uliopangwa kwa mashauriano. Watu waliulizwa kabla ya kazi kuanza, rai ya mgeni haikudharauliwa, na kila aliyeshika sururu alijua kwa nini anachimba.

Tuyapime mambo yetu kwa kipimo hicho, tukianzia Mkwajuni, makao makuu ya Wilaya ya Songwe. Wilaya hii ilimegwa kutoka Chunya, na tangu mwaka 2016 imo katika Mkoa wa Songwe. Ni nchi ya wachimbaji wa dhahabu, wakulima na wafugaji waliokutana kutoka pande nyingi. Mfanyabiashara atataka kwanza barabara ya kwenda Mbalizi, mfugaji atataka lambo, na mama anayebeba ndoo kichwani atataka kisima. Wote wana haki, lakini fedha hazitoshi yote kwa mara moja. Lazima kimoja kitangulie, na swali ni nani anayeamua.

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982 imempa nafasi kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi katika Mkutano Mkuu wa Kijiji. Tena, mwanzoni mwa miaka ya 2000, Serikali ilileta utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Wawezeshaji huketi na wanakijiji katika warsha. Wanawake, wanaume na vijana hujadili katika makundi yao, kisha mahitaji hulinganishwa na kupangwa kwa uzito. Hekima yake ni kwamba pasipo makundi hayo, mwenye sauti kubwa ndiye mwenye kipaumbele.

Hata hivyo, utaratibu huo ulilaumiwa kwa kuzaa orodha ndefu za matakwa yaliyosubiri fedha za Serikali. Baadaye uliboreshwa kwa ushirikiano na shirika la Japani, JICA, ukasisitiza kwamba jamii ianze na lile inaloliweza yenyewe. Hayo ni maendeleo mema.

Lakini liko jambo lililobaki. Kipaumbele cha kijiji hupita katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha Halmashauri ya Wilaya. Tangu mwaka 2017 barabara za vijijini na mijini zimekuwa chini ya TARURA, na tangu mwaka 2019 maji ya vijijini yako chini ya RUWASA. Wakala hizi zina wahandisi, na hilo lina manufaa. Ila bajeti zake hazipitishwi na mkutano wa kijiji. Kwa hiyo kijiji kinaweza kutanguliza maji, kikaletewa kalavati.

Huenda sababu ni njema: pengine maji yaliyopimwa yana chumvi, au fungu lililotoka ni la barabara tu. Asiporudi mtu kueleza, mwananchi huona aliitwa kupamba kikao. Safari nyingine haji. Wanaohudhuria wanakuwa wale wale, na haja za wachache zinaandikwa kwa jina la kijiji kizima. Hiyo ni hasara kubwa kuliko kuchelewa kwa kisima.

Dawa yake si ghali. Kila warsha ifungwe kwa kutaja tarehe ya kuleta majibu. Kwenye ubao wa matangazo yabandikwe mambo matatu: tulichoomba, kilichopangwa, na sababu ya tofauti. Wakala waalikwe wajibu maswali mbele ya Mkutano Mkuu. Na kikao kisiitishwe saa ambayo akina mama wako kisimani, kisha ikasemwa kuwa hawakutokea.

Nasi tujihesabu. Ni mara ngapi baada ya Swala ya Ijumaa tunalalamikia barabara na maji nje ya msikiti, ilhali siku ya mkutano wa kijiji hatuonekani? Baba aende, na mama naye aende. Tupange nani atabaki na watoto.

Katika Surat Ash-Shura, aya ya 38, Allah (S.W.) ametaja kushauriana baina ya kusimamisha swala na kutoa katika alivyoturuzuku. Kwa hiyo anayedai haki ya kuulizwa awe tayari pia kuchangia kwa mali au kwa nguvu zake. Na kiongozi aliyekwisha kuuliza, ajue kwamba jibu ni deni.