Kinyonga wa Darasa ni wa Nani?

Watu wengi hapa Uganda bado humwogopa kinyonga, ati ana sumu. Hana. Basi vijana wa Kidato cha Pili wamefanya vyema kumfuga mmoja darasani; lakini mnyama wa watu arobaini hana mwenyewe. Kila mtu hudhani mwenzake amemnywesha.

Na kumnywesha si kazi ya bakuli. Kinyonga hulamba matone juu ya majani, hivyo matawi yake yanyunyizwe maji asubuhi na jioni. Macho yakibonyea, huenda ana kiu. Chakula chake ni panzi na nzi walio hai, wala si makombo ya posho.

Linalonitia wasiwasi ni hili: huyu wetu ni jike, na tumbo limejaa. Kinyonga wa pembe tatu wa Kenya huzaa watoto hai, lakini huyu mwenye mikunjo ya ngozi kisogoni hutaga. Siku hizi hushuka matawini akazunguka chini. Wadogo zetu husema ataka kutoroka. Sivyo; anatafuta udongo achimbe. Asipoupata, mayai huweza kumkwama akafa. Ndoo ya udongo wenye unyevu yatakiwa leo, si baada ya mtihani.

Akilegea na kufumba macho mchana, apelekwe kwa daktari wa mifugo, ingawa si ng'ombe, na ada itoke mfuko wa darasa. Chagueni mtu mmoja wa kushika ufunguo wa kizimba, na mwingine wa siku za likizo. Kama hapana wa kujitolea, arudishwe kwenye kichaka alikotwaliwa kabla shule haijafungwa.