SITI ALISIKIKA, WETU JE?

Ukiuliza mwimbaji mkubwa ni nani, wengine watakimbilia Italia kwa Pavarotti. Ni wangapi watamtaja Siti binti Saad? Alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo 1880, akaitwa Mtumwa. Kwao walikuwa wafinyanzi, naye akitembeza vyungu akivinadi kwa sauti ile ile iliyokuja kumtoa. Shule hakuiona. Mwaka 1911 alihamia mjini, akafunzwa na wanamuziki, na mwaka 1928 akavuka bahari mpaka Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Tena hakuimba mapenzi tu. Wimbo wake "Kijiti" ni habari ya mwanamke aliyeuawa. Muuaji alitoroka, mashahidi ndio wakafungwa!

Siti alifariki 1950. Santuri zilibaki, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Bila hivyo, sisi wa huku bara tungemjulia wapi?

Sasa tazama hapa Webuye. Mzee anapiga litungu arusini usiku kucha, anataja koo na mambo yaliyopita, asubuhi yote yamekwenda na upepo. Simu shuleni tumekatazwa, sawa, lakini nyumbani zipo, nasi twajipiga picha wenyewe tu. Kwa maoni yangu, likizo ya Agosti kila mwanachama amrekodi mzee mmoja, kwa ruhusa yake, na aandike alifunzwa na nani. Najua kuna watakaosema ati Kibukusu si kazi ya chama cha Kiswahili. Basi tutafsiri, si ndiyo kazi yenyewe?