Baridi ya Juni haitaki mkorogo

Kila mwaka kiangazi kinapoingia, kuanzia Juni hadi Agosti, masoko yetu ya mpakani hujaa makopo na tyubu za krimu zinazonadiwa kuwa ni dawa ya ngozi ya baridi. Nyingine ni mafuta mazuri kabisa. Nyingine ni mkorogo uliobadilishwa jina. Kwa maoni yangu, sisi tunaozivusha ndio wa kwanza wenye wajibu wa kuuacha huo mkorogo, kabla hatujamsubiri askari wa forodha.

Nasema haya nikiwa ndani ya biashara hiyo. Naishi Muyinga, na riziki yangu naipata kwa kuvuka Kobero kwenda Kabanga na Ngara kuchukua sabuni, mafuta ya kupaka na vitu vidogo vidogo vya dukani. Wateja wangu wengi siku hizi ni ndugu zetu waliorudi. Tangu mwaka 2017 maelfu wamerejea kutoka kambi za Nyarugusu na Nduta, na wengi wamekuja na watoto waliozaliwa huko huko.

Kasulu na Kibondo nako kuna baridi yake, lakini si ile ya Mugamba. Kandokando ya Ziwa Tanganyika, mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, wastani wa joto la mwaka ni kama nyuzi 23. Kwenye milima yetu mirefu ni kama nyuzi 16 tu. Na huo ni wastani; usiku wa Julai usio na wingu, baridi hushuka zaidi ya hapo. Mama aliyezoea kambini anafika kilimani kwao, na baada ya wiki mbili anaona mashavu ya mtoto yamepauka na midomo imepasuka. Anaingia dukani akiwa na hofu na fedha kidogo. Huyo ndiye mteja ambaye ni rahisi kumdanganya.

Ndugu msomaji, adui mkubwa hapa ni ukavu kuliko baridi yenyewe. Hewa ya kiangazi haina unyevu, na upepo unavuta maji kutoka kwenye ngozi. Ngozi ina mafuta yake ya asili yanayozuia maji hayo yasitoke. Sasa mtu akisikia baridi anachemsha maji ya kuoga, kisha anajisugua kwa sabuni ya mche ya kufulia. Maji ya moto na sabuni kali huyaondoa mafuta hayo. Ngozi inawasha, inakunwa, inachanika. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hili ni kweli hata kwa kisigino. Kwenye magaga huingia vijidudu na kutunga usaha, na vumbi la kiangazi ndilo maskani ya funza. Mwanamke anayebeba mihogo kupanda kilima akishindwa kukanyaga, nyumba nzima inalala njaa.

Tiba yake haina gharama kubwa. Oga kwa maji ya uvuguvugu na usikae muda mrefu majini. Sabuni itumike zaidi kwapani, kinenani na miguuni. Jifute kwa kubonyezabonyeza taulo bila kusugua, kisha upake mafuta mara moja, ngozi ikiwa bado na unyevu. Hapo ndipo wengi hukosea. Mafuta ya mgando hayaingizi maji kwenye ngozi, kazi yake ni kuyafungia yaliyopo. Ukiyapaka saa sita mchana juu ya ngozi iliyokwisha kukauka, utang'aa tu. Kwa magaga, loweka miguu, paka mafuta mengi usiku na uvae soksi. Midomo usiilambe, kwani mate yakikauka huizidishia ukavu. Mtoto mchanga apakwe mafuta yasiyo na manukato.

Kama kuwasha kunazidi usiku, kuna vipele katikati ya vidole, na wengine nyumbani nao wanajikuna, huo huenda ni upele wa kuambukiza. Hakuna mafuta ya dukani yatakayouponya. Nendeni zahanati, mtibiwe nyote kwa wakati mmoja.

Turudi kwenye mkorogo. Krimu za kujichubua huwa na haidrokwinoni, zebaki au dawa kali za steroidi. Steroidi hutuliza muwasho haraka, ndiyo maana mnunuzi hurudi akishukuru. Lakini zikitumika ovyo kwa muda mrefu huifanya ngozi kuwa nyembamba, ikachubuka upesi na kidonda kikachelewa kupona. Ngozi kama hiyo itakabili vipi baridi ya Julai? Zebaki nayo hupenya mwilini na kudhuru figo, na mama huweza kumpitishia mtoto anayemshika.

Wapo wenzangu wanaosema mteja ndiye anayezitaka, na kwamba nisipouza mimi atauza jirani. Hoja hiyo naielewa, kwani sote tuna watoto wa kulisha. Lakini mteja huyu aliomba dawa ya ngozi kavu, hakuomba kuchubuliwa. Tena hesabu ya biashara inawapinga. Upande wa Tanzania vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango, TBS, tangu mwaka 2019, na mzigo wenye viambato vilivyopigwa marufuku hukamatwa na kuteketezwa. Duniani nako, nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata zilikubaliana mwaka 2023 kwamba baada ya 2025 vipodozi vyenye zebaki visitengenezwe wala kuuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine. Mtaji wa kuungaunga hauwezi kuvumilia moto wa namna hiyo hata mara moja.

Basi tusome lebo kabla ya kulipa. Ukiona maneno kama "calomel", "mercurio" au "mercuric", rudisha. Ukiona onyo kwamba krimu isiguse pete ya fedha, dhahabu au aluminiamu, jua kwamba huenda ina zebaki. Isiyo na orodha ya viambato kabisa, iache pale pale.

Nao wanaowapokea wanaorudi, wawe wa serikali au wa mashirika, naomba wasiishie kwenye blanketi. Kopo la mafuta ya mgando na maelezo ya dakika tano kwa Kirundi na Kiswahili vitamwokoa mama asiangukie mikononi mwa mchuuzi. Sisi wachuuzi tuna mizigo mingine ya kutosha ya kuvusha: mafuta ya mgando, gliserini, mafuta ya mise ya Kigoma. Faida yake kwa kopo ni ndogo, lakini mteja hurudi Juni ijayo akiwa na ngozi yake nzima.