Kifua kikuu toka kwa ngombe: ugonjwa unaopita mu maziwa bila kuonekana

Katika vijiji vya wafugaji, toka milima ya Masisi mpaka bonde la Ruzizi, maziwa ni chakula cha watoto na ni feza ya masomo. Lakini ngombe mwenye kifua kikuu anaweza kuambukiza jamaa nzima, na mara mingi hakuna anayejua.

Mikrobe yenyewe inaitwa Mycobacterium bovis. Inapita zaidi mu maziwa mabichi. Inapita pia mu pumzi, pale watu na ngombe wanalala karibu. Shirika la afya ulimwenguni, OMS, lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu karibu 140 000 walipata kifua kikuu toka kwa wanyama, na hivi 11 400 walikufa.

Sababu gani hauonekani? Kwanza, ngombe anaweza kugonjwa miezi mingi na bado anakula, anakamuliwa. Pili, mikrobe ya maziwa mara nyingi inakaa mu tezi za shingo ama mu tumbo. Mutoto anavimba shingo, hakohoi, na kupima makohozi hakuonyeshi kitu. Tena mashine ya GeneXpert inasema kuna kifua kikuu, haisemi kama ni cha ngombe. Na hiyo ni shida, maana pyrazinamide, moja ya dawa 4 za kawaida, haiui mikrobe ya ngombe. Ndiyo maana mugonjwa anapashwa kumwambia muuguzi kama kwao wanafuga ama wanakunywa maziwa mabichi.

Wengi wanasema mashanza haina hatari kwa kuwa imeganda. Si kweli: kuganda hakuui mikrobe yote. Maziwa yachemke kwanza, yapoe, kisha mutu atie mashanza kidogo ili yagande.

Lakini kuchemsha kunaomba makala, na makala ni bei. Na mufugaji wa ngombe watano akiambiwa achinje mmoja, atauliza: nani atamulipa? Bila jibu, atanyamaza na kuuza maziwa. Mwaka 2017 OMS, FAO na OIE waliomba waganga wa watu na wa wanyama watumike pamoja. Kijijini, kazi hiyo inaanza na swali dogo ambalo muuguzi anaweza kuuliza kila mugonjwa: nyumbani munakunywa maziwa ya namna gani?